Habari ipi ya bangi ya tiba inastahili muda wako?

Karibu kila wiki madaktari, wagonjwa na ndugu zao hunitumia habari za bangi ya tiba wakiuliza kama kuna la kufanyia kazi. Nyingi naziweka kando. Mimi ni mfamasia, na kipimo changu ni kimoja: je, habari hii itabadilisha nitakachomwambia mgonjwa, dozi yake, au namna ninavyozitazama dawa nyingine anazomeza? Bei za hisa na msanii aliyezindua mafuta yake naziacha zipite. Zinazodai bangi inaua saratani nazisoma mpaka nifike kwenye neno "panya" au "seli za maabara", kisha natahadhari, kwa sababu kuna wagonjwa wanaoacha tiba yao kwa kichwa cha habari kama hicho.

Mfano ninaoupenda ni jaribio la mwaka 2017 la CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa watoto na vijana 120 wenye sindromu ya Dravet, aina kali ya kifafa. Kwa waliopewa CBD, mediani (thamani ya katikati) ya degedege kwa mwezi ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9, kwa waliopewa plasebo (dawa bandia isiyo na kiambato), kutoka 14.9 hadi 14.1. Hiyo ni habari ya kazi kwelikweli. Ila kinachomhusu mgonjwa kimejificha chini: CBD iliongezwa juu ya dawa za kifafa walizokuwa wakitumia, ilikuwa imesafishwa kwa kiwango cha dawa, na dozi ilikuwa miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Waliokuwa kwenye valproeti, mojawapo ya dawa za kifafa, ndio hasa waliopandisha vimeng'enya vya ini, dalili ya ini kuelemewa. Klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, nayo ikikutana na CBD, usingizi huzidi.

Mama mmoja aliniletea habari ya aina hiyo kwenye simu, pamoja na chupa ya mafuta aliyonunua mtandaoni. Tuliigeuza chupa tukasoma lebo: miligramu 300 chupa nzima. Mwanawe ana kilo 20, kwa hiyo dozi ya utafiti ingekuwa miligramu 400 kwa siku. Chupa yote isingetosha hata siku moja! Na hapo tunaiamini lebo. Mwaka huohuo wa 2017, wapimaji walichunguza bidhaa 84 za CBD zilizouzwa mtandaoni nchini Marekani: 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC, kemikali ya bangi inayolevya. Hakuna habari iliyobadilisha maneno yangu kwa wazazi kuliko hiyo.

Kuwa mwangalifu zaidi na takwimu za watu wengi. Mwaka 2014 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa majimbo yenye sheria za bangi ya tiba yalikuwa na vifo vichache kwa karibu asilimia 25 vitokanavyo na dawa kali za maumivu aina ya opioidi. Ilisambaa sana. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia hesabu ileile wakiongeza miaka hadi 2017, na uhusiano ukageuka: vifo vilikuwa juu kwa asilimia 23. Mgonjwa wa maumivu aliye mbele yako hakuwahi kujibiwa na hesabu yoyote kati ya hizo mbili.

Habari za sheria nazo, tazama zinamgusa nani. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kuitoa bangi kwenye Jedwali la IV, orodha yenye masharti makali zaidi katika mkataba wa 1961 wa dawa za kulevya, na watu wengi wakadhani imehalalishwa. Ilibaki Jedwali la I, ambalo nalo ni la dawa zinazodhibitiwa vikali, na daktari aliendelea kufungwa na sheria za nchi yake. Linganisha na Uingereza, Novemba 2018, madaktari bingwa waliporuhusiwa kuiandikia wagonjwa. Pale daktari alijua nani anaweza kushika kalamu na nani lazima ampeleke mgonjwa kwa bingwa.

Tangazo la toleo fulani la bidhaa kuondolewa sokoni nalisoma kabla ya yote, hata likiwa mistari miwili. Naangalia namba ya toleo, kisha nawapigia simu walionunua.