Tovuti moja tu imegoma kufunguka

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari ndogo hapa Mpwapwa. Nilikwenda msibani Kondoa, kompyuta yangu ya mezani ikakaa wiki mbili na nusu bila kuwashwa, waya nimeuchomoa ukutani. Niliporudi kila kitu kinafunguka isipokuwa tovuti moja, ile wanafunzi wanayoombea chuo. Inaleta alama nyekundu na maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kwenye simu, kwa bando lilelile, inafunguka vizuri. Kijana mmoja anasema ni virusi, nimpe 30,000 apige Windows upya. Nimeshabandua hata tangazo la maombi ya chuo mlangoni. Nifanyeje?
Mama Steshenari, Mpwapwa

JIBU: Pole sana kwa msiba, mama. Hizo 30,000 usizitoe. Katikati ya maandishi uliyoninakilia kuna neno DATE, yaani tarehe. Hebu tazama tarehe kwenye kona ya chini ya kompyuta, halafu tazama ya simu. Naamini kompyuta imebaki nyuma.

Ulifanya la maana kujaribu kwenye simu. Ingegoma na huko, ningekwambia shida iko kwenye mtandao au kwa wenye tovuti, usubiri.

Kwa nini igome moja tu? Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, hukipima kwa saa ya kompyuta yako. Vyeti hivi havidumu sana. Vile vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi mno, vimezoeleka kuwa vya siku 90, na hubadilishwa kabla havijaisha. Tuseme kompyuta inaamini leo ni tarehe 2, kumbe ni tarehe 19, na wenye tovuti walichukua cheti kipya tarehe 10. Kwa kalenda ya kompyuta yako, cheti hicho bado hakijaanza kazi. Hizo nyingine zina vyeti vilivyotolewa mapema zaidi, ndiyo maana zinapita. Ukiiacha hivyo, nazo zitagoma moja baada ya nyingine.

Anza kwa kuweka tarehe na saa kwa mkono. Windows huweza kujirekebishia kupitia intaneti, ila pengo likizidi saa 15 mara nyingi hukataa. Hapohapo angalia ukanda wa saa. Dodoma hutaiona kwenye orodha. Chagua Nairobi, UTC+03:00, saa zetu ni zilezile. Hili nalisisitiza kwa sababu kompyuta nyingi tunazonunua zimetumika nje, zinakuja na ukanda wa Marekani au Uingereza. Mtu anasogeza mishale mpaka saa inaonekana sawa, kumbe ndani kompyuta inahesabu saa nyingi mbele. Ukimaliza, funga kivinjari ukifungue upya.

Sasa chanzo. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayoendesha saa umeme ukikatika. Ikichoka, saa hupunguza mwendo au husimama. Mwezi uliopita nilifungua moja iliyotoka Chamwino. Vumbi jekundu lilikuwa limeifunika betri kiasi kwamba niliitafuta kwa brashi. Inatakiwa iwe na volti 3. Kipimo kilisoma 2.1. Mpya nauza shilingi 2,000. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha boksi, sukuma kile kibanio cha pembeni na betri itaruka yenyewe. Mpya ikae upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, huenda ikakudai uweke tarehe upya.

Kwenye ule ukurasa wa onyo kuna njia ya kuendelea kwa nguvu. Tafadhali mama, usiifuate. Onyo kama hilo hutokea pia mtu anapojipenyeza kati yako na tovuti, na wewe unashika maneno ya siri ya watoto wa watu na malipo ya wazazi wao.

Tarehe ikiwa sawa na bado inagoma, bonyeza Ctrl, Shift na N ujaribu kwenye dirisha la faragha. Ikifunguka huko, futa data ya tovuti hiyo peke yake. Na kama unatumia Windows 7, Chrome iliishia toleo la 109 kwako. Hapo kweli utahitaji mfumo mpya.

Betri ikishakaa, chomoa waya ulale. Asubuhi washa, utazame saa kabla hujagusa mtandao. Ukiikuta sawasawa, rudisha tangazo lako mlangoni.