Shangazi, mume wangu anaikimbia ibada ya nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 13, 9 na 6, tunaishi Uyole, Mbeya. Kila siku saa tatu usiku nawakusanya watoto kwa ibada, tunasoma sura tatu, ndipo tunakula. Mume wangu ni dereva wa lori la viazi. Hajawahi kukaa hadi mwisho, anasema ana njaa, anatoka nje. Jumamosi anakwenda na watoto shambani, wanarudi wakiimba nyimbo za kwaya, lakini Biblia hafungui. Mama mkwe, tunayeishi naye, anawasimulia jikoni habari za Yusufu na Danieli kwa Kinyakyusa, anachanganya na maneno yake, na watoto wanamkimbilia yeye. Sasa mkubwa amesema wazi kwamba anaichukia Biblia. Kila ibada namwombea baba yao kwa sauti, Mungu amvunje ukaidi. Samaki mkunje angali mbichi. Je, nimshtaki kwa mchungaji? – Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa neno la kijana wako. Mama anayetamani wanawe wamjue Kristo, akisikia hivyo lazima roho imuume. Ila pole kubwa naipeleka kwa mumeo.

Mwanamume ametoka barabarani na mzigo, ana njaa, na baridi ya Uyole unaijua. Anafika kwake, chakula kimefunikwa, zinamngoja sura tatu. Kisha anamsikia mkewe akimsema kwa Mungu mbele ya watoto aliowazaa. Hiyo si sala, ni mashtaka yanayosemwa macho yakiwa yamefumbwa. Mimi pia nisingekaa hadi mwisho.

Unasema Biblia hafungui. Lakini umeandika kwa mkono wako kwamba watoto wanarudi naye shambani wakiimba. Soma Kumbukumbu la Torati 6:7: maneno ya Mungu tuyanene tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Wewe umeshika kuketi. Mumeo ameshika njia. Kwa nini yako iitwe ibada na yake iitwe ukaidi?

Na huyo mama mkwe ndiye aliyenishangaza zaidi. Una bibi anayewapa wajukuu habari za Yusufu kwa lugha yao, nao wanamkimbilia, halafu unalalamika! Paulo alipoitaja imani ya Timotheo, katika 2 Timotheo 1:5, alianza na bibi yake Loisi, ndipo akamtaja mama yake Eunike. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifika Rungwe, kwa Wanyakyusa, mwaka 1891, na tangu hapo wazee wengi wa huko wameipokea Injili kwa masikio, kwa kusimuliwa. Akikosea jambo, msomee taratibu mkiwa wawili. Penye wazee haliharibiki neno.

Sasa kijana. Mtoto wa miaka 13 haichukii Biblia bure. Nahisi amekuwa akichapwa nayo: kavunja kikombe, anafunguliwa Mithali, kasema uongo, anasomewa ziwa la moto. Kama kwako si hivyo, muulize leo Yesu alikuja kufanya nini. Akikujibu kwamba alikuja kuangalia nani ana makosa, ujue hajaisikia Injili, hata kama umemsomea kila usiku. Injili ni habari njema kwa mkosaji. Mungu alitupenda tungali wenye dhambi, Kristo akafa kwa ajili yetu na akafufuka. Msomee Luka 15, baba anavyomwona mwanawe angali mbali, anakwenda mbio na kumwangukia shingoni kabla kijana hajamaliza kuomba radhi. Samaki mkunje, ndiyo, lakini Wakolosai 3:21 inasema tusiwachokoze watoto, wasije wakakata tamaa. Imewaandikia akina baba, na sisi akina mama tujisomee humo.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza. Mke akikosana na mumewe juu ya chumvi, Jumapili mchungaji anajua, Jumatatu kwaya nzima inajua. Wanaume nao wamejivua jukumu, wanadhani kumfundisha mtoto habari za Mungu ni kazi ya mama na mwalimu wa Sande skuli. Mumeo asijifiche nyuma ya maneno yangu. Baba anayeimba shambani anaweza pia kufumba macho mezani na kuwaombea wanawe kwa majina.

Kwa mchungaji usiende. Wapakulie watoto mapema, cha baba kifunikwe, na akifika ale kwanza. Acheni sura tatu, huyo wa miaka sita anasinzia. Anzeni na Marko 2:1-12, yule mgonjwa aliyeteremshwa kupitia darini. Kijana mkubwa asome, bibi asimulie upya kwa Kinyakyusa, mdogo aulizwe angefanya nini kama dari lingekuwa la kwao. Baba amalize kwa sala, hata kama ni ya sentensi mbili. Dakika kumi zinatosha. Siku amesafiri au amechoka, msimhukumu.

Lakini kabla ya hayo yote, mwombe mumeo msamaha kwa zile sala. Mwombe watoto wakiwepo, maana walizisikia.