Saini ya Guy Gibson kwa makapeni? Usilipe. Na namna ninavyokusanya nikiwa Tanga

Mleta mada umeuliza mawili: kama hiyo picha ya Guy Gibson yenye saini ya makapeni nyeusi ni halali, na kama mtu wa Tanga anaweza kukusanya picha zilizosainiwa na marubani na wenzao wa ndegeni wa Vita ya Pili bila kupigwa.

La kwanza ni jepesi. Gibson, rubani wa Uingereza, aliongoza Kikosi cha 617 cha jeshi lao la anga kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani usiku wa kuamkia 17 Mei 1943. Akafa Septemba 1944, ndege yake ilipoanguka Uholanzi. Makapeni za namna hiyo zilikuja kuenea madukani miaka ya 1960. Marehemu hasaini.

Ila usiikimbie kila makapeni, mkuu. Picha nyingi halali za fani hii zilisainiwa na wazee wastaafu, kwenye maonyesho ya ndege au kwa posta, juu ya nakala iliyosafishwa upya. Johnny Johnson, mlenga mabomu wa usiku uleule, alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 101. Saini yake ya makapeni haina ajabu yoyote. Kwa hiyo linganisha mambo matatu: mwaka aliokufa mhusika, kalamu, na karatasi. Kwa karatasi mimi natumia taa ya kukagulia noti bandia, ile ya mawakala wa pesa. Zima taa za chumbani, mulika nyuma ya picha. Karatasi nyingi za picha za kuanzia miaka ya 1950 zina kemikali ya kung'arisha weupe, zinawaka samawati. Ukiambiwa picha ilisafishwa na kusainiwa 1943 halafu inawaka kama shati jeupe disko, rudisha. Isipowaka, bado hujathibitisha kitu, maana karatasi kuukuu tupu zinapatikana na matapeli wanazijua.

Kisha iinamishe kwenye mwanga. Wino wa mkono hukaa juu ya ule mng'ao wa karatasi, saini iliyochapwa imo ndani yake, na ukiiwekea kioo cha kukuzia mara nyingi utaona vidotidoti. Ukikuta saini mbili za mtu mmoja zinazolaliana sawasawa mstari kwa mstari, hiyo ni mashine au muhuri. Hakuna mkono wa binadamu unaorudia hivyo. Cheti cha uhalali anachokuandikia muuzaji mwenyewe mimi sikihesabu. Naomba barua, bahasha yenye muhuri wa posta, au picha ya mzee akisaini.

Sasa la pili, ambalo ndilo lenye raha. Watu wote wanakimbilia majina makubwa: Douglas Bader, Adolf Galland, Paul Tibbets aliyerusha Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima. Hao walisaini sana, miaka mingi, na ndio wanaoghushiwa sana. Mimi nakwambia tafuta wasiojulikana: mpiga bunduki wa mkiani, mwongoza njia, fundi wa redio. Lancaster, ile ndege ya mabomu ya Waingereza, ilibeba watu saba na rubani ni mmoja tu. Tapeli hapotezi wino kumghushi fundi wa redio.

Na uwe na sababu yako. Yangu ni Burma. Huku kwetu wapo wazee waliokwenda keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, barabara zimegeuka tope, chakula na risasi vikiangushwa kwa ndege. Basi nakusanya watu wa Dakota, ndege za mizigo zilizofanya kazi hiyo, hasa Vikosi vya 31 na 194 vya jeshi la anga la Uingereza. Picha zao hazina mbwembwe, vijana wamekonda, kaptula, jasho. Wakusanyaji wengi wanazipita wakitafuta ndege za kivita kama Spitfire, nami nashukuru.

Kuhusu kutunza, hapa pwani adui ni unyevu. Usiipige picha lamineshini hata ukibembelezwa na kijana wa steshenari. Joto na gundi vinaiharibu moja kwa moja. Albamu za kunata pia hapana. Tumia mifuko ya poliesta, si ile plastiki laini yenye harufu, weka kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na boksi likae kabatini mbali na ukuta wa nje. Kipindi cha mvua fungua mara kwa mara uangalie ukungu. Ukutani ning'iniza nakala. Jua hupausha makapeni haraka kuliko unavyodhani.

Huyo muuzaji wako mwombe picha ya upande wa nyuma, uiweke hapa tuione. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache amuuzie huyo.