Mchango natoa, ufunguo sishiki

Mikono miwili, yote ya kushoto. Ndivyo nilivyolikata gauni la bi harusi mmoja wa Makorora, usiku wa manane, kwenye lesi aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati. Kitambaa kilikuwa kidogo, cha kubana matumizi, sikuweza kukikunja nikate mikono yote kwa pamoja. Nikakata mmoja mmoja, na wa pili nikasahau kuigeuza karatasi ya kipimo. Kosa hilo ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mimi nina miaka 17 kwenye cherehani hapa Ngamiani, Tanga.

Lesi ile haikupatikana tena. Nilinunua ya kufanana nayo kwa fedha yangu, nikashona upya, na mama wa bi harusi akanisamehe kwa mdomo. Macho yalisema mengine.

Sasa nikuhesabie siku ile ilivyokwenda. Asubuhi nilizunguka kukusanya fedha za mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, maana kijumbe, yaani mkusanyaji, ni mimi. Mchana kikao cha kikoba, chama chetu cha kuweka akiba kwa hisa, na mweka hazina ni mimi. Alasiri kamati ya harusi ya mtoto wa wifi yangu, na fedha za sare nazishika mimi. Magharibi nikampelekea mama dawa zake Chumbageni. Nimekuja kukaa kwenye cherehani baada ya isha, watoto wamelala na vyombo havijaoshwa. Kazi inayonilisha ndiyo niliyoipa makombo ya siku.

Baada ya aibu ile nilichukua daftari langu la vipimo, nyuma ya viuno na mabega ya watu, nikawa naandika kila nilichokifanya kwa wiki moja. Nilikuwa na hakika kinachonimaliza ni misiba na shughuli. Kumbe wiki ile msiba ulinichukua masaa 4. Vyeo vilinichukua masaa 19.

Hapo ndipo akili iliponijia. Ushauri wa “jifunze kukataa” nimeusikia sana, na naona umetungwa na watu ambao siku wakifiwa hawamtegemei jirani kuwachotea maji. Kwetu Tanga huwezi kukataa watu ukabaki salama. Mtu hazikwi na simu yake. Lakini kuhudhuria ni jambo moja, na kushika daftari ni jingine. Ukihudhuria, umekwenda, umeitikia, umerudi. Ukishika daftari, hata usingizini unadaiwa.

Angalia sanduku la kikoba. La kwetu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, ili mmoja asilifungue peke yake. Ni utaratibu mzuri sana kwa fedha. Kwa mshika ufunguo ni kamba mguuni: usipofika, wanachama wote wamekaa wanakutazamia mlangoni. Mwanachama wa kawaida akiumwa humtuma mtu na hisa zake, mambo yakaisha.

Niliachia ufunguo. Ila shoga, hapa nisikilize vizuri: usijiuzulu katikati ya mzunguko. Ukitoka kabla ya kikoba kuvunjwa, yaani kabla watu hawajagawana fedha zao, hata uwe na sababu ya kweli kiasi gani, watasema kuna kitu umekula. Mimi nilitoa taarifa miezi mitatu kabla, nikasubiri siku ya mgao, fedha zikahesabiwa mbele ya wote, daftari likasomwa mstari kwa mstari, anayenipokea akatia saini na mimi nikatia saini. Ndipo nikaupitisha ufunguo mkono kwa mkono. Hisa zangu naendelea kununua kila wiki.

Mchezo nao niliuacha ulipozunguka hadi kwa mtu wa mwisho. Raundi mpya tulikubaliana fedha zitumwe kwa simu kabla ya Jumatano, na kazi ya kijumbe tuipokezane. Wawili walinuna. Mmoja amerudi kusema ni afadhali hivi.

Maneno ya kukataa cheo yana adabu yake. Kwanza usijibu papo hapo, hasa ukiombwa mbele za watu. Sema utakwenda kutazama daftari la wateja. Pili, tanguliza mchango: “Shangazi, nimeipokea habari, na changu hiki hapa. Siku yenyewe nitakuja. Kamati mnisamehe.” Tatu, usisingizie ugonjwa. Mji wetu mdogo huu. Umejilaza asubuhi, jioni unakutwa soko la Mgandini unachagua mchicha.

Nyumbani kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na hilo linaniuma. Nina mvulana wa miaka 14 ambaye alikuwa hajawahi kuosha sufuria, kwa sababu moja tu: sikuwahi kumwambia. Dada yake mdogo alikuwa anaosha tangu ana miaka 8. Sasa ni zamu. Baba watoto naye nilimwomba jambo moja, akileta mgeni wa chakula cha usiku anipigie kabla ya alasiri. Wakati mwingine husahau, na mgeni hula tulichonacho.

Kuna jingine ambalo si la ratiba. Hata nilipopunguza vyeo, ngazi za dukani zilikuwa zinanitoa jasho na moyo kwenda mbio. Nikaenda kupima wekundu wa damu, nikakutwa na 9, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Hedhi yangu ilikuwa nzito kwa miezi mingi na sikupata nafasi ya kuishughulikia. Nafasi nilikuwa nimewapa akina sare. Nilitibiwa, nikapewa vidonge vya madini ya chuma, na ilichukua wiki kadhaa kurudi kuwa mtu. Kwa hiyo ukichoka usiishie kulaumu majukumu. Kapime.

Jumatano alasiri siku hizi nafunga duka mapema, nakwenda Raskazone kutazama bahari. Mara za kwanza nilibeba vishikizo vya kushona, mikono ilikuwa inawasha kukaa bure. Wiki iliyopita sikubeba kitu. Simu ikalia, shangazi yangu, anataka nisimamie sare za harusi ya mjukuu.

“Shikamoo shangazi. Kushona nitashona. Fedha zikae kwa mwingine.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, mbona nasikia upepo, uko wapi?

“Raskazone.”

“Kuna shughuli ya nani huko?”

“Hakuna shughuli, shangazi. Nimekaa tu.”

Akaanza kuniombea dua, akidhani naumwa.