Fedha za Mama Ziwe na Kitabu Chake

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Tanga, na macho yamempungukia. Mimi niko Dar na ndiye ninayemsimamia: pensheni, kodi ya vyumba vyake viwili, na fedha za dawa ambazo ndugu zangu hutuma kwenye simu yangu. Mahesabu ninaweka kwenye programu ya GnuCash, na miaka yote nimeandika ya mama na yangu humo humo. Juzi kaka kaniuliza mama ana kiasi gani, nikashindwa kumjibu. Kanuna, na mdogo wetu naye kaanza maneno. Sijala hata shilingi ya mama. Nizitenganishe vipi? Binti wa Mwalimu.*

Marahaba, mwanangu. Nakuamini kwamba hujala. Lakini kaka yako naye hakukosea kuuliza, maana fedha za mama ni amana mikononi mwako, na mwenye amana anatakiwa ajue salio wakati wowote. Kwa sasa hata wewe hulijui, na hilo ndilo la kurekebisha kabla ya kugombana na mtu.

Anza na fedha zenyewe, programu ifuate. Pensheni inaingia benki kwa jina la mama, hapo hapana tatizo. Tatizo ni simu yako, ambamo mshahara wako, hela ya dawa na kodi ya wapangaji vinalala pamoja. Tafuta laini nyingine au akaunti ndogo ya benki itakayobeba fedha za mama tu, na ndugu zako watume huko. Ukiziacha zichanganyike kwenye simu, hata uandike vizuri namna gani, kila mwezi utarudi kuchambua ujumbe mmoja mmoja wa miamala.

Sasa GnuCash. Wako watu watakaokushauri ubaki na faili moja, uweke tawi la akaunti za mama na tawi lako. Mimi sikubaliani nao. Ripoti ya mali halisi, yaani mali ukitoa madeni, itaendelea kujumlisha vyote mpaka ukumbuke kuchagua akaunti kila unapoifungua, na siku kaka akiomba aone hesabu, hutaweza kumpa faili bila kumwonyesha mshahara wako na mkopo wako. Fungua faili jipya la mama, lenye akaunti zake, mapato yake na matumizi yake.

Usijaribu kuhamisha miaka yote. Chagua tarehe, tuseme mosi ya mwezi ujao. Weka nakala ya faili la zamani kama lilivyo, lisiguswe tena. Kwenye faili jipya andika salio la kuanzia: lililopo benki kwa mujibu wa taarifa ya benki, na lile unalomshikia wewe. Kwenye faili lako usifute akaunti za mama; kila muamala humo una pande mbili, na ukifuta upande mmoja unaharibu hesabu zako mwenyewe. Andika muamala mmoja wa kuzifikisha sifuri siku hiyo, kisha uzifiche.

Sehemu inayowashinda wengi ni fedha za mama zilizo mkononi mwako. Hizo kwenye kitabu chako, yaani faili lako, ni deni. Fungua akaunti ya madeni, uiite «Fedha za Mama». Kwenye kitabu cha mama, kiasi hicho hicho ni mali yake, uiite «Iliyoko kwa Binti».

Tuseme laini ya mama bado hujaipata, na kaka ametuma 200,000 kwenye simu yako. Kwako, salio la simu limepanda 200,000 na deni limepanda 200,000, wala si mapato yako. Kwa mama, mapato yameingia 200,000 na iliyoko kwako imepanda. Umenunua dawa za 45,000: kwako simu imeshuka na deni limeshuka, kwa mama matumizi ya dawa yameandikwa na iliyoko kwako imebaki 155,000. Jioni umeme umekatika, ukachukua 30,000 humo humo ukanunua LUKU ya nyumbani kwako. Hapo andika matumizi yako ya umeme, lakini deni usiliguse. Litabaki 155,000 ingawa kwenye simu iko 125,000, na hiyo 30,000 utairudisha mshahara ukitoka. Kila mwisho wa mwezi linganisha: deni kwenye kitabu chako na mali kwenye kitabu cha mama lazima zilingane hadi shilingi. Zisipolingana, kuna kitu hukuandika.

Unachompa mama kutoka mfukoni mwako andika msaada, kwake mapato. Usije ukakidai siku mkigombana. Nauli ya basi unapokwenda kumwona, muulize yeye kama anailipa. Akikataa, ni yako.

Mwanangu, naona katika barua yako umemtaja mama kama mtu wa kuhudumiwa tu. Macho ndiyo yamepungua, akili bado ni yake. Msomee hesabu kwa simu kila mwezi, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Umwombe ruhusa kabla ya kuwatumia ndugu zako ripoti, kwa kuwa fedha ni zake na siri ni yake. Akiridhia, watumie wote siku moja, wapate karatasi ile ile. Na akitangulia mbele ya haki, madeni hulipwa kwanza ndipo warithi wagawane; kitabu chake kitawaonyesha nani anadaiwa nini, wewe ukiwemo.

Miezi iliyopita chukua taarifa za benki na za simu, toa unachoweza kuthibitisha. Kitakachobaki bila maelezo usikibunie jina. Kiweke peke yake na uwatajie kiasi chake waziwazi. Wakikuuliza, sema hukuandika.

Na kaka mpigie leo, kabla hujamaliza. Mwambie umelielewa swali lake, na umtajie tarehe ya kumpa jibu.