Weka hiyo bisibisi chini kwanza

Mkuu, umeuliza namna ya kurudisha usahihi wa mita ya umeme ya Fluke 8050A ya mtumba kwa kutumia kibao cha AD584 (chipu inayotoa volti thabiti za kulinganishia) ulichoagiza China, upande wa DC (umeme mnyoofu), wa AC (umeme geu) na wa ukinza (omu), na umesema tayari umeshafungua mfuniko. Usizungushe skrubu yoyote humo ndani.

Mita yangu ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Ilisoma volti 10.012, ilhali kikaratasi kilichobandikwa kwenye kibao cha AD584 kilidai, kwa mwandiko wa kalamu, 10.00312. Aliyeiandika namba hiyo hakusema alitumia mita gani wala chumba chake kilikuwa na joto la nyuzi ngapi, lakini kwa kuwa ilikuwa na tarakimu nyingi, nilidhani ni elimu. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia mpaka namba zikalingana, nikafurahi, nikaharibu mita nzima. Chipu ya AD584 ya daraja la J inaruhusiwa na kiwanda kukosea hadi milivolti 30 kwenye volti 10, yaani asilimia 0.3, wakati 8050A iliyo nzima hukosea takribani asilimia 0.03 kwenye DC. Nilimpa mlevi kazi ya kumwonyesha njia mtu mwenye akili zake timamu. Chekeni tu, najua nastahili.

Bwana mmoja wa video aliyetuambia kwamba kazi hii ni ya dakika tano hakutaja hata mara moja kwamba kifaa cha kurejelea kinapaswa kuwa na usahihi wa angalau mara nne ya kile kinachopimwa. Wala hakusema kwamba skrubu moja hugusa safu ya vipimo zaidi ya moja, hivyo asiyeweka alama ya mahali ilipokuwa hana pa kurudi. Mimi sikuweka.

Kwa hiyo pima kwanza, andika, usirekebishe. Iwashe mita, iache ipate joto kwa nusu saa, kisha ilinganishe na mita ya mtu mwenye cheti cha ugezi (uhakiki wa usahihi wa vipimo) ambacho hakijaisha muda. Tofauti utakayoikuta iandike kwenye karatasi, uibandike mgongoni mwa mita, na uwe unaijumlisha au kuitoa mwenyewe kila unaposoma, haigharimu kitu. Kwa ukinza, rezista moja ya kiloomu 10 yenye usahihi wa asilimia 0.01 inatosha kuanzia. Ukiamua kuipeleka maabara, waombe wakuandikie vipimo walivyovikuta kabla hawajagusa chochote.