Foili ya povu chini ya bati

Mkuu, umeuliza kama ile foili yenye povu la polithilini inapunguza joto la bati hapa Dodoma au ni kutupa hela. Inapunguza, ila inategemea fundi anavyoifunga. Povu lina vishimo vidogo vya hewa vilivyozibwa, na hewa iliyotulia haipitishi joto haraka. Lakini unene wa milimita 4 au 5 peke yake ni mdogo mno. Kazi kubwa inafanywa na upande unaong'aa, nao unataka uwazi wa hewa wa kama sentimita 2 hivi.

Kwangu Nkuhungu fundi aliigandisha na bati kabisa. Saa nane mchana sebule ikawa tanuri lilelile! Tukaishusha, tukaipigilia chini ya papi (zile mbao nyembamba zinazoshika bati), viungio tukaziba kwa tepu ya foili. Sasa ukigusa dari mchana halichomi kiganja.

Usiiache juani siku nyingi kabla ya kuezeka, jua huila. Na inashika moto, kwa hiyo nyaya zipite kwenye paipu na chini yake weka dari la jipsamu.